Yowe la Saa Tano

Kwa miaka kumi na mbili nilikuwa nikipiga video za harusi, Makunduchi mpaka Nungwi, na nasema bila haya: bibi harusi niliyempiga mimi alipendeza hata kama hakujaaliwa uzuri. Lakini harusi ni pilau, keki na akina mama wanaokufokea usiwapige wakitafuna. Mie nilitaka kutisha watu.

Nikaandika filamu. Mwanamke mpiga video za harusi anatazama picha zake, anamwona mgeni ambaye hakualikwa na mtu. Harusi ya wiki jana yupo, ya wiki hii yupo, na kila mara amesogea karibu na kamera. Mwishowe anakutana naye uso kwa uso ndani ya nyumba, anapiga yowe, na hakuna anayekuja.

Vipande vya harusini nilishavipiga; kilibaki hicho cha yowe. Nyumba ilikuwa ya shangazi yangu, Mji Mkongwe, ukuta kwa ukuta na majirani. Alinipa siku moja tu, maana kesho yake wapangaji walikuwa wanaingia. Na sharti: tumalize kabla ya magharibi.

"Magharibi hapigi mtu kelele nyumbani kwangu, mkaja kuitikiwa na msiowajua," alisema. Kisha akaongeza bila kunitazama, "Mtu mzima mzima, unachezea mashetani."

Iliniuma. Shangazi ndiye aliyenilea, na katika video zote nilizopiga hajapata kukaa akatazama hata moja. Nikajiapiza: hii itakwisha leo, na ataitazama, atake asitake.

Basi kitisho changu kikapigwa saa tano asubuhi, jua kali nje, madirisha nimeyaziba kwa mablanketi. Mchezaji alikuwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, mwalimu wa chekechea, koo limekomazwa na watoto wa watu. Nikawasha kamera, nikamwambia, "Haya!" Akapiga yowe. Wallahi hata mie niliyeliandika nilisisimka.

Sijafika kuhesabu kumi, mlango ukasukumwa kwa kishindo. Akaingia bibi wa nyumba ya pili, mtu wa miaka sabini na ushei, na mchi wa kinu mkononi. Nyuma yake fundi seremala na nyundo, na mama anayekaanga mandazi, upawa unachuruzika mafuta.

"Yuko wapi? Amekufanyeni nini?"

"Bibi, tunapiga filamu."

"Filamu! Mmenitoa roho, mna wazimu nyie!"

Nikawaomba radhi. Nikapita mlango kwa mlango kuwaambia, mkisikia yowe jingine, tafadhalini msije. Wote wakakubali. "Nshasikia, mwanangu," akanijibu yule bibi. Tukarudia. Wakaja, tena wengi zaidi.

"Bibi, si nilikwambia?"

"Uliniambia. Nikasema, na kama hili si la filamu je?"

Mara ya tatu wakaja vilevile, mchi mbele. Shangazi akateremka ngazi amefura. "Bado moja. Wakija tena, kusanya vyombo vyako uondoke." Mdogo wangu naye sauti ilikuwa inamkauka, anakunywa tangawizi na kunitazama kwa macho ya kuomba.

Nikakaa kwenye ngazi, hasira zimenipanda, nawalaumu majirani mmoja mmoja. Filamu zote nilizozitazama mtu hupiga makelele mpaka akafa, na jirani haji! Hapo nikasita. Haji, kwa sababu hizo ni nyumba za watu wengine. Kwetu watu huja hata ukiwakataza. Lo! Nilikuwa nimeandika habari za mtaa nisioujua. Basi na waje!

Nikawaita wote uani. Nikawaeleza: mtaingia mbio kama mlivyoingia, mtatafuta kila mahali, na huyu mwanamke atasimama katikati yenu analia, anakushikeni nguo. Nyie hamtamwona. Mtasema hamna mtu, mtaondoka.

"Hatumwoni vipi, na yupo?" akauliza seremala.

"Ndiyo kitisho chenyewe."

Yule bibi akaukumbatia mchi wake. "Yaa Rabbi," akasema. "Haya."

Mdogo wangu akalitoa yowe la mwisho lililobaki kooni. Wakaingia. Mama wa mandazi akatazama nyuma ya mlango, seremala akachungulia chini ya kitanda. Mdogo wangu akamkamata bibi kanga: "Bibi, nipo hapa! Nipo!" Bibi akapitisha macho juu yake mpaka ukutani, midomo inamcheza. "Mbona hamna mtu," akasema taratibu. Akageuka, akatoka, wenzake nyuma yake, mlango ukafungwa.

Nikasema "Kata!" nikaruka kama mtoto wa Sikukuu. Mlango haujatulia, bibi kesharudi, mchi kautupa, kamkumbatia mdogo wangu. "Nisamehe, mwanangu, nilikuona. Nilikuona, wallahi." Adhana ya adhuhuri ilikuwa bado, na kazi nishaimaliza.

Tuliionyesha alasiri moja kwenye ukumbi wa skuli. Ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Vijana waliokuja kunicheka walikuwa wameshikana mikono kabla hata ya nusu. Shangazi alisema amekuja kuangalia tu kama viti vimetosha, akakaa safu ya nyuma, karibu na mlango, mkoba mapajani.

Likafika yowe. Majirani wakaingia, wakatafuta, mwanamke analia katikati yao. Bibi akasema, "Mbona hamna mtu." Mie nimesimama ukutani, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hamna mtu vipi?"

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama, mkoba umeanguka, kidole kaelekeza kwenye pazia la filamu. "Si huyo hapo! Mtazameni basi! Yupo mbele yenu, hammwoni?"

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Yeye hata hakusikia, wala hakukaa tena mpaka filamu ilipokwisha. Mie nililia pale pale ukutani kama bibi harusi, na hapakuwa na mtu wa kunipiga picha.