Taa ya Sonara

"Nyumba yako ina giza, mwanangu."

Mama aliyasema hayo huku anasuka mkeka, wala hakuinua uso. Nilikuwa nimeshika sufuria ya mchuzi, nusura niiangushe. Giza? Nyumba yangu mimi? Miaka ile Kibiti nzima nyumba zenye globu zilikuwa chache, na moja ilikuwa yangu. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine ya kusaga, betri yetu ya gari aliichaji palepale mashineni, na kila magharibi tuliwasha globu ya taa ya nyuma ya gari, ikaning'inia katikati ya ukumbi. Majirani walikaa na koroboi. Leo mama yangu mzazi, aliyetoka Mtunda ambako alisukia kwenye moshi wa koroboi mpaka makamasi yakawa meusi, ananiambia nakaa gizani! Nilijisikia kama nimepigwa kofi mbele ya wakwe.

"Taa si hiyo inawaka, mama?" nikamjibu, na sauti nilijua imepanda.

"Inawaka. Sikusema haiwaki. Lakini mwanga wenyewe wa kimaskini."

Wa kimaskini! Nikaenda zangu uani nikamalizia hasira kwenye kinu.

Baba alikuwa amefariki, eda ya mama ikaisha, nikamfuata Mtunda nije nikae naye. Nyumba yao ya udongo ilikuwa imeegemea upande, ndugu wote wametawanyika, hakuna hata wa kumchotea maji. Akakubali kuja, lakini kwa sharti. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliniambia pale mlangoni, mizigo ishatoka nje. "Jembe langu mimi ni ukindu. Siku nikishindwa kusuka, mnirudishe kwangu. Sitakaa kwa mkwe nikila na kulala kama mgonjwa." Nilimjua mama yangu. Akisema la kurudi, atarudi, hata kwa miguu. Na nilijua akirudi kwenye nyumba ile peke yake, tutaitwa kwenda kumzika.

Basi akawa anasuka mkeka wa harusi ya binti yangu mkubwa, iliyokuwa ifanyike tukishavuna mpunga. Bibi na mjukuu wake walikuwa hawaishi utani. "Mke mwenzangu, njoo unishike mkono," humwita, "mji wenu huu una mashimo kama kichuguu," na mwanangu humwongoza huku akimcheka kwamba amekuja mjini kudekezwa. Mchana mama alisukia kibarazani na wanawake wa jirani, ukindu wameutandaza katikati, huyu anachana, yule anapokea, maneno hayaishi. "Nipe nyekundu, shoga, mgongo unaniuma kuinama." Mkeka ukaenda vizuri, ukili juu ya ukili, wekundu na weusi umepangana mpaka wapita njia walisimama.

Balaa lilikuwa jioni, anaposuka ndani peke yake. Asubuhi moja nikautandika mkeka nje nione ulipofikia, nikapigwa na butwaa. Ukili mzima wa jana yake, penye nyekundu kuna nyeusi, penye nyeusi kuna nyekundu, kisha kijani imejipenyeza ambayo haikuwemo kabisa. Mama yangu! Mwanamke ambaye mikeka yake ilitandikwa misikitini tangu mimi sijaota meno! Nilipomweleza aliupapasa ule ukili kwa vidole, akaanza kuufumua.

"Si nilikwambia? Giza la nyumba hii litaniumbua." Jioni ile hakula. Nilimkuta chumbani anapanga nguo zake ndani ya sanduku la bati.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nitakapoona."

Kufungasha kule kulinitia kiwewe. Kesho yake asubuhi nilifunga kanga kiunoni nikatoka kutafuta mwanga.

Ninachotaka nilikijua, maana nilishakiona kwa sonara. Sonara wa Kibiti alikuwa na kijiglobu si kikubwa kuliko pingili ya kidole, ndani ya kikombe cha bati kinachong'aa, anakielekeza juu ya pete zake. Ukiingia dukani mchana wa jua kali bado unaona pete zinametameta, hata za shaba. Nilimwomba aniuzie, akakataa kama vile nimemwomba mkewe.

"Hii inaitwa halojeni, mama. Wati kumi tu. Inakaa na betri yangu usiku na mchana haiichoshi. Nikikuuzia mimi nitauza pete gizani?"

"Nitaipata wapi basi?"

"Tafuta. Maduka si yamejaa siku hizi?"

Kujaa kweli yalijaa, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Miaka michache tu nyuma tulipanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, ukirudi na sukari ya kugawiwa unaificha ndani ya kapu la mihogo. Ikaja ruksa ya kila mtu kuleta bidhaa. Duka ambalo lilikuwa halina kitu ila utando wa buibui na chumvi, sasa huna pa kuweka mguu: redio, madumu, viatu vya plastiki, biskuti za majina tusiyoweza kuyatamka. Nikasema moyoni, kwenye vurugu yote hii globu moja itanishinda?

Ilinishinda. Duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji alinitolea globu kubwa kama dafu. "Mwanga mkali huu hapa, wati mia, za umeme wa jenereta."

"Nataka ya betri. Wati kumi, mwanga mkali."

Alicheka akashika kaunta. "Wati kumi na mwanga mkali wapi na wapi? Wewe mama unataka basi la abiria sitini linywe mafuta ya pikipiki!"

Wateja nao wakacheka. Nikawaacha na meno yao nje, nikaenda duka la spea kule stendi. Hapo nikapewa globu ya taa ya mbele ya gari, nikarudi nayo nyumbani mbio, nimefurahi kweli. Mume wangu aliigeuza mara moja tu. "Hii wati hamsini na tano. Itainywa betri kabla ya adhana ya isha, na taarifa ya habari nitaisikilizia wapi?" Nikairudisha, muuzaji akanuna. Machinga mmoja akanifuata na mshipi wa vitaa vya rangi vinavyowaka na kuzima. "Vya harusi hivi, mama, wageni watachanganyikiwa!" Nikamwambia, mama yangu keshachanganyikiwa na rangi, sihitaji nyongeza.

Nilizunguka hivyo kwa siku kadhaa, na kila nikirudi macho yangu yanakwenda kwanza kwenye lile sanduku la bati. Lilikuwa limefungwa kamba.

Mwisho nikakata tamaa, nikaenda kwa mama muuza kanga kuchagua za harusi. Nimeinamia kabati lake la kioo, penye hereni na pini za buibui, nikaona kiboksi kidogo, ndani yake sponji, ndani ya sponji kitu kinachometa.

"Mama wee!" nilipiga ukelele, muuza kanga akaruka juu ya kigoda akidhani nyoka.

"Hicho? Sijui hata ni nini," alisema, mkono bado kifuani. "Kilikuja kwenye mzigo wa mchanganyiko kutoka Kariakoo. Nilidhani kichupa cha manukato, nikatafuta kizibo sikukiona."

Hebu fikiria! Mji mzima nimechekwa, nimenuniwa, na globu imelala kati ya hereni kwa mtu anayeitafutia kizibo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kanga nikazisahau.

Sonara, namshukuru, alinipa holda yake kuukuu ya kuchomekea globu pamoja na kikombe cha bati. Jioni nyumba ikajaa. Kwenye kiboksi palichorwa mkono, umekatwa kwa mstari. Mume wangu aliutazama mchoro ule sana, kisha akatoa hukumu: "Mkono wa kuomba huu, umepigwa marufuku. Maana yake hakuna mkopo." Tukaona ana akili, maana kila duka la Kibiti lilikuwa na tangazo la namna hiyo.

Kwetu kitu kipya hakitumiwi kabla hakijapita mikononi. Kila aliyemo ndani akishike, aseme mashallah, asije mtu akakitia jicho. Basi globu ikazungushwa. Nilikuwa namsuka bibi harusi nywele, mikono yangu inachuruzika mafuta ya nazi, nikaishika, mashallah. Binti akaishika, mashallah. Jirani wawili wakaishika. Ikafika kwa mama, akaiviringisha vidoleni, akaigusa shavuni. "Ndogo hivi? Kama punje ya mhindi! Mashallah." Sonara ndiye aliyekuja kunieleza baadaye, ameshika kichwa, kwamba kioo kile hakitaki hata jasho la kidole, sembuse mafuta, kikipata moto kinapasukia palepale kilipoguswa.

Hatukujua. Mume wangu akawasha koroboi, akaifungua ile globu ya zamani, akafunga holda mpya, akaielekeza kwenye mkeka. Mama alishakaa tayari, miguu ameinyoosha, chane za ukindu mapajani.

"Zimeni na koroboi," akaamuru. "Nataka niione taa yenyewe."

Tukazima. Yakabaki makaa ya jiko pale mlangoni. Mume wangu akasema bismillahi, akabonyeza swichi.

Weupe ulipita ukumbini, sijui kama hata nilipata kupepesa jicho, kisha paa! Vioo vikanyesha juu ya mkeka, giza likaturudia zito kuliko la kwanza. Sote tukatoa sauti moja: "Ooooh!"

Siku zote zile, miguu yote ile! Nilikuwa nafungua mdomo nimlaani muuza kanga, mtengenezaji na aliyemzaa mtengenezaji, nikasikia makofi. Mama anapiga makofi.

"Alhamdulillahi!" alisema, na sauti yake ilijaa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afe. "Ehe! Hii sasa ndiyo taa. Mmeona? Mmeona nyumba ilivyobadilika? Hata uso wa mke mwenzangu nauona."

Kwa ule wekundu hafifu wa makaa niliona umbo la mama, ameinua uso kuelekea ile holda tupu, anatabasamu. Shoga nipe nyekundu. Mke mwenzangu nishike mkono. Ya Allah, tangu lini? Tangu Mtunda? Baba alijua?

Mume wangu akaanza, "Lakini mama, hiyo taa ime..." Nikamziba mdomo kwa kiganja changu chenye mafuta.

Mkono wa mama ulishaanza kutambaa juu ya mkeka kutafuta chane, moja kwa moja kwenye vioo. "Usiguse!" nikapiga kelele, nikaurukia nikaukamata. "Siafu, mama. Siafu wamepita hapo. Ngoja niwakung'ute." Nikakung'uta kwa upindo wa kanga, vidole vikachomwa, nikaendelea kukung'uta. Binti yangu alikuwa analia bila sauti. Nilimjua kwa mabega.

"Siafu wameiona taa," mama akacheka. "Sasa sikiliza, mwanangu. Lile sanduku kalifungue. Nguo zitanuka uvundo mle. Kwa mwanga huu mimi siendi tena popote."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Mwanga mzuri kweli."

"Si nilikwambia nyumba yako ilikuwa na giza? Ukanikasirikia. Haya, kaa hapa karibu, mgongo unaniuma. Nipe nyekundu."

Nikakaa. Nikapapasa mafungu ya ukindu yaliyolala pembeni yake, nikachomoa chane moja, nikaisogeza kwenye makaa, nikaigeuza huku na huku. Sikuona rangi yoyote.

"Hii hapa, mama," nikamwambia, nikampa.