Wapangaji wa Kirando

"Kornel, shimo!"

"Nimeliona, mama Kelvin. Hata mjamzito hapelekwi hospitali hivi."

"Mjamzito anaweza kusema anaumia."

Kornel akacheka, akapunguza mwendo wa Fuso mpaka baiskeli zikawapita. Mkewe, Evodia, hakucheka. Alikuwa ameibana ndoo katikati ya miguu, mikono miwili juu ya mdomo wa ndoo, kama mtu aliyebeba mchuzi wa moto.

Ukichungulia ndoo ile ungesema haina kitu. Maji, mchanga kidogo, na magamba matupu ya konokono. Lakini ndani ya kila gamba alijibana samaki mmoja, mdogo kuliko kidole cha mwisho, na hatoki hata umwite kwa jina. Ndiyo maisha yao huko Ziwa Tanganyika. Konokono akifa, wao wanaingia. Baba yake Evodia, mzee Baltazari wa Kirando, aliwaita wapangaji.

"Nyumba hakujenga, kodi halipi," alikuwa akisema, "na ukimgongea mlango anakung'ata."

Yeye ndiye aliyewapandisha huku juu. Evodia alikuwa ameolewa karibuni, akaletwa Sumbawanga kwenye baridi, kwenye chumba cha kupanga ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Alizaliwa akisikia mawimbi. Sasa akiamka anasikia upepo tu. Alilia mpaka Kornel akapiga simu ukweni. Basi mzee akapanda basi na dumu lililokatwa juu, kalibana kati ya magoti, kikombe mkononi. Njia nzima alikuwa akichota maji na kuyamwaga kutoka juu, akichota na kuyamwaga, ili yapate hewa. Abiria wakamtania: "Mzee, hiyo chai haijapoa tu?" Alipofika, mkono wa shati ulikuwa umelowa mpaka begani.

"Nimekuletea majirani," akamwambia binti yake. "Usilie tena."

Nyumba yao ya kwanza ilikuwa kabati la vioo la muuza maandazi, lililolazwa chali na kuzibwa nyufa kwa silikoni. Evodia aliliweka kwenye ukuta wa jikoni, palipopata joto la jiko la mkaa, na usiku akalifunika blanketi. Mpangaji wa chumba cha pili, Amos, kila akipita alikuwa na neno lilelile: "Jirani, hiyo mboga inaiva lini?" Wageni waliziba pua, maana maji yale yalikuwa na harufu. Evodia peke yake hakuziba. Akiinama kubadilisha maji aliisikia asubuhi ya Kirando: mawe yenye ute, nyavu mbichi, baba yake anakohoa akishuka majini.

Mzee hayupo tena. Na ziwa lilipopanda miaka ile, lilimeza ufukwe wote wa mbele ya nyumba yao, hata pale alipochota mchanga na mawe ya kabati la binti yake. Hakuna pa kwenda kuchota tena. Samaki waliomo ndooni ni vizazi vya wale wa kwenye dumu, na ndicho kitu pekee cha baba yake ambacho bado kinapumua.

Ndiyo sababu ya mwendo ule wa konokono mpaka Pito, kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe, tofali kwa tofali. Sebuleni, Edwin fundi vioo alikuwa amewatengenezea tangi jipya, refu kama kitanda cha mtoto, lenye hita na pampu ya hewa. Mawe, mchanga na maji ya zamani vilitangulia asubuhi, vikapokelewa na mama mkwe, Fransiska, aliyetoka Mpui kuwasaidia kuhamia. Evodia alikuwa amemwambia avipokee tu, atavipanga mwenyewe.

Fransiska akawapokea mlangoni, mikono imekunjamana kwa maji, uso unang'aa.

"Karibu kwako, mwanangu! Njoo uone."

Evodia akaona. Mawe yalikuwa yamepangwa juani kwenye gunia, meupe, yananukia Omo. Mchanga ulikuwa kwenye ungo, umeoshwa kama mchele. Na ndani ya tangi, maji ya bomba, maangavu, hayana harufu ya kitu chochote.

"Nyumba mpya haiingizwi uchafu," alisema Fransiska. "Nimesugua mpaka mgongo umekataa. Ule uvundo wote kwisha!"

Kornel akamwangalia mkewe, kisha akakumbuka kwamba kuna godoro la kushusha.

Evodia aliweka ndoo chini taratibu. Ute ule wa mawe na tope lile la mchangani ndivyo vinavyomeza uchafu wa samaki. Bila hivyo maji yanakuwa sumu, na samaki wanaondoka mmoja mmoja. Alijua, maana mwaka mmoja alilisafisha kabati kwa ajili ya Pasaka na nusu ya wapangaji wakafa. Alitaka kusema. Lakini unamwambiaje mama mkwe aliyesugua mawe yako mpaka vidole vikachubuka?

Alichuchumaa tu pale, machozi yakadondokea ndooni.

"We Evodia! Nimekosea nini?"

"Hujakosea, mama. Ila wao wanaishi kwa uchafu ule. Ndiyo nyumba yao. Sasa umemwagwa."

"Nani kaumwaga?" Fransiska akashika kiuno. "Mimi mkulima, nimwage mbolea? Upo kwenye madumu nyuma ya choo. Wa kitalu changu cha kabichi."

Evodia akainua uso. "Wote?"

"Maji yale ya kunuka yote, na maji meusi ya kwanza ya mchanga. Ya sabuni ndiyo nimemwaga. Sabuni inaunguza miche."

Evodia akacheka huku analia, akamkumbatia mama mkwe na maji yake yote. Kazi ikaanza upya. Maji ya bomba yakatolewa, mawe yakaachwa nje palepale na Omo yao. Mchanga ukasuuzwa mpaka uso wa maji ukakosa povu, ukarudishwa tangini. Fransiska akapewa kikombe, akaonyeshwa namna ya kuchota kwenye ndoo na kumwaga kutoka juu, kama mzee kwenye basi.

"Baba yako alifanya hivi tangu Kirando?"

"Tangu Kirando."

"Na mkono haukumuuma?"

"Hakusema."

Fransiska alichota na kumwaga mpaka Evodia alipomaliza kumimina madumu, tope na yote, na tangi jipya likawa jeusi kama chai ya rangi. Hita ikawashwa, pampu ikaanza kuguruma, na maji yalipopata joto gamba moja moja likashushwa. Kisha wakakaa kwenye jamvi, maana viti vilikuwa bado ndani ya Fuso.

Tope lilichukua muda kutulia. Harufu ikatangulia, ikajaa sebule yote mpya. Fransiska akapeleka khanga puani, akaghairi, akaishusha.

Kwenye gamba la pembeni kikatokea kichwa. Kikarudi ndani. Kikatoka tena, samaki mzima, akajaza mchanga mdomoni na kwenda kuutema mbali na mlango wake.

"Mwone!" alinong'ona Fransiska. "Anafagia. Huyu mama ana kazi."

"Ni dume, mama."

"Kornel!" akaita kwa sauti. "Njoo huku uone wanaume wenzako!"

Baada ya wiki kadhaa, wapangaji wakiwa wamechimba kila kona na vitoto vinachungulia milangoni, Evodia alimsindikiza mama mkwe kwenye basi la Mpui. Fransiska alikaa dirishani, dumu la maji machafu ya tangini, ya kabichi zake, amelibana kati ya magoti. Abiria wa jirani akasogea pembeni.

"Bibi, hayo maji gani yananuka hivyo?"

"Ya Kirando," alijibu Fransiska, akalisogeza karibu zaidi.