Shukrani za Bosi Liao

Kila asubuhi, kabla ya kuliingiza bakuli lake la bati kwenye sanduku la mvuke, Shangazi Yueh-o alilizungushia uzi mweupe wa kiwandani, akaukaza kwa fundo lake mwenyewe. Fundo hilo hakumfundisha mtu. Sisi wengine tuliyapanga mabakuli yetu mle ndani hivi hivi, na mchana ukifika kila mtu anachomoa lake, wali na kabichi vikiwa vimepata moto. Yeye alilichomoa lake, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akalikagua fundo pande zote, ndipo akafungua.

"Nani aibe figili zako, dada?" Mei-chih, wa mashine ya jirani, alikuwa akimuuliza.

"Huyo anayeuliza kila siku."

Tulicheka. Yeye hakucheka, alikuwa anahesabu vipande vya figili kwa kijiti.

Kiwanda chetu kilikuwa cha taulo, hapa mjini Huwei, nyuma ya reli ya kubebea miwa. Yueh-o alishona pindo. Taulo zikitoka kwenye mashine yake zinakuja kwangu nazikunja, na kwa kuwa kukunja hakuhitaji macho, mchana kutwa nilikuwa namwangalia yeye. Alikuwa mwanamke mwembamba, mabega yamepanda juu kama mtu anayesikiliza hatua nyuma yake. Nyumbani alikuwa na mume, Chin-tu, aliyeanguka kutoka kwenye mpopoo akavunjika mgongo. Tangu hapo Chin-tu ni wa kulala tu. Wali wa nyumba ile ulitoka kwenye mashine ile, hakukuwa na mahali pengine.

Kuhusu baba yake alinisimulia mara moja tu, siku umeme ulipokatika tukakaa bure. Alikuwa mtia rangi kwenye kiwanda cha vitambaa. Huku kwetu mwaka wa kienyeji ukikaribia kwisha, mwenye kiwanda anawalisha watu wake, na kuku analetwa mezani mzima, na kichwa chake. Mwenye kiwanda akiwa na mtu ambaye hamtaki tena, na anaona haya kumwambia, anakigeuza kile kichwa kimtazame mtu huyo. Hakuna anayesema neno. Aliyetazamwa anajua, na sikukuu ikiisha harudi kazini. Sasa baba yake Yueh-o alitazamwa, akajifanya hakuona. Alikula, akanywa, akaimba. Sikukuu ilipoisha akavaa viatu safi akaenda kazini, na mlinzi akamsukuma nje ya lango mbele ya watu, na watoto wa shule wanapita.

"Na mimi nilikuwa kwenye wale watoto," Yueh-o alisema. Umeme ukarudi, akakanyaga pedali.

Kusema haki, Bosi Liao wetu hakuwa mtu wa namna hiyo. Meza zetu sisi zililetewa kuku aliyekatwakatwa, kichwa kimebaki jikoni. Meza kuu peke yake ndiyo iliyopata kuku mzima, na wapishi walishaagizwa tangu zamani kwamba kichwa kitazame kiti cha bosi. Ajitazame mwenyewe, watu wapate kula kwa amani. Kila mwaka ilikuwa hivyo, na kila mwaka Mei-chih alisema, "Bosi kajifukuza tena," na watu wakacheka kama hawajawahi kuisikia.

Mwaka ninaousema, Bosi Liao alikwenda Japani kuangalia mashine. Kabla hajarudi tulishasikia kuna mashine inayoshona pindo yenyewe, unailisha taulo upande huu inatoka upande ule. Nani alisema, sijui. Maneno ya kiwandani hayana mwenyewe. Lakini tangu siku hiyo Yueh-o akawa anaangalia mlangoni kila gari likiingia.

Bosi alirudi. Mashine haikuonekana. Kilichoonekana ni asante.

Tangu nimjue, alikuwa akimwita Yueh-o "wewe wa dirishani". Siku hiyo akaja akasimama nyuma yake, mikono mgongoni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Bi. Yueh-o, asante sana kwa kazi yako."

Yueh-o akatoa mguu kwenye pedali. "Nimeharibu nini, bosi?"

"Hujaharibu kitu. Nakushukuru tu."

"Za jana zilikuwa na kasoro?"

"Hapana, hapana. Zilikuwa nzuri. Endelea." Akacheka kidogo, akaondoka na masikio mekundu.

Mei-chih akainama juu ya mashine yake. "Dada, labda anakupenda."

"Angenipenda angetengeneza feni."

"Basi labda umekonda akakuonea huruma."

"Amelijua jina langu leo," Yueh-o alisema. "Nani kamwambia jina langu? Na kalitafuta la nini?"

Mimi pia nilianza kujiuliza.

Haikupita muda akaletwa mpiga picha. Yueh-o akaambiwa avae blauzi safi, akakalishwa mbele ya pazia, akapigwa picha ya uso. Iliporudi ilikuwa kubwa, imetiwa kwenye fremu nyeusi, ikatundikwa ukutani pale pa kugongea kadi za mahudhurio, na chini yake maandishi: Mfanyakazi Bora wa Mwaka. Bosi alisema kule Japani kila kiwanda kinafanya hivyo. Huenda. Lakini huku kwetu picha ya uso mkubwa hivyo kwenye fremu nyeusi, unaijua ni ya marehemu na inatundikwa msibani.

"Bado ubani tu," Mei-chih akasema.

Wote tukapasuka kwa kicheko, halafu tukamwona Yueh-o yuko nyuma yetu, kadi mkononi. Akaitazama ile picha muda mrefu. Kuanzia hapo akawa anagonga kadi ameupa ukuta ubavu.

Kisha akaletewa msichana mpya. "Mfundishe, Bi. Yueh-o," bosi alisema. "Mkono wako ni hazina ya kiwanda hiki, usiishie kwako."

"Usiishie kwangu," Yueh-o alirudia, bosi alipokwisha kwenda. Alimfundisha yule msichana namna ya kutia uzi kwenye sindano, na namna ya kufagia. Pindo zenyewe alizishona amempa mgongo.

Jioni moja mama alinituma kwao na viazi vitamu. Chin-tu alikuwa amelala kwenye kitanda cha mianzi, redio tumboni.

"Labda anashukuru kweli," alikuwa anamwambia mkewe.

"Mtu haamki siku moja akaanza kushukuru."

"Kule Japani ndivyo wanavyofanya."

"Basi na awashukuru Wajapani."

"Yueh-o, wewe hata nikikuambia umependeza unauliza nimevunja nini."

"Na siku zote unakuwa umevunja kitu," alimjibu, akachukua viazi, akavigeuza kimoja kimoja kabla ya kuniambia asante. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, na nikamsikia anasema chini chini, "Nikitolewa pale, tutakula nini?" Chin-tu alipunguza sauti ya redio.

Karamu ya mwisho wa mwaka ilifanyika uani, chini ya turubai la mistari, meza za duara zimetandikwa nailoni nyekundu, moshi wa jiko unakuja machoni. Bosi alimchomea ubani mungu wa ardhi, akamwinamia, kisha akashika kipaza sauti. Kilipiga kelele, akakipiga kofi, kikatulia.

"Watu wananiuliza, Liao, umerudi na nini kutoka Japani? Nimerudi na aibu!" alisema. "Nimeona mabosi wa wenzetu wanawashukuru watu wao. Mimi sijawahi. Leo naanza. Bi. Yueh-o, njoo huku!"

Hakusogea. Mei-chih akamsukuma. Akaenda mbele, bosi akamvisha begani utepe mpana mwekundu wenye maandishi ya dhahabu, tukapiga makofi. Yueh-o alikuwa anaangalia vidole vya bosi, kama vile vitatoa kisu.

"Na leo mimi si bosi," bosi akasema. "Leo kiti changu ni chake!"

Mke wa bosi akakivuta kile kiti kwenye meza kuu, Yueh-o akakalishwa. Mei-chih naye akaitwa akae kando yake, asione upweke. Wengine mezani walikuwa Msimamizi Kuo na wazee wa idara. Meza yangu ilikuwa inayofuata, kiti changu karibu kigusane na cha Yueh-o. Bosi akachukua glasi yake akaanza kuzunguka meza za mbali, anakunywa na watu, kipaza sauti bado mkononi. Mkewe akaenda kuhimiza supu.

Ndipo akaja kuku.

Mhudumu aliiweka sahani katikati. Akaangalia kiti cha bosi kilipo, kama alivyoagizwa, akaizungusha sahani mpaka kichwa kikakaa sawasawa, akaondoka. Hakumwangalia hata aliyekalia kile kiti.

"Mama yangu," Mei-chih akasema.

Yueh-o na yule kuku walikuwa wanatazamana.

Niliegemea nyuma mpaka nikafika sikioni mwake. "Shangazi, hicho ni kiti cha bosi. Kuku anatazama kiti. Kila mwaka anatazama kiti."

Hakugeuka. "Na nani kanikalisha humu?"

"Bosi."

"Eeh. Ameona haya kuigeuza sahani kwa mkono wake. Akanigeuza mimi."

Nilijua mhudumu amekosea. Lakini nilipoiweka asante, na picha, na msichana mpya, na kiti, vyote kwenye mstari mmoja, hata mimi nikaona vinakwenda upande mmoja.

Mei-chih akanyoosha mkono aigeuze sahani. Yueh-o akamshika kifundo cha mkono. "Ukiigeuza, itamtazama nani?"

Mei-chih akainua macho. Msimamizi Kuo akakitoa kiti chake kidogo nyuma. Mzee wa idara ya rangi akaanza kuangalia turubai. Kila mtu pale alikuwa anasubiri kuona mkono wa Mei-chih utakwenda wapi, na hakuna aliyetaka uje kwake. Mei-chih akaurudisha mkono mapajani.

"Kaa tu, dada," alisema, sauti imekonda. "Bosi akija tutamuuliza."

"Tumuulize mbele ya watu?" Yueh-o akatabasamu, na sikuwahi kumwona akitabasamu vile. "Mtu anauliza hivyo, halafu anajibiwa."

Akauvua utepe kupitia kichwani, akaukunja mara mbili, maandishi ndani, akauweka juu ya meza kando ya sahani. Chakula hakukigusa. Akasimama, akakirudisha kiti kwa adabu, akaanza kupita katikati ya meza. Watu walimpisha, walidhani anakwenda msalani.

Alipokaribia lango, bosi alimwona kutoka kule mbali, uso umewaka kwa pombe, akainua kipaza sauti.

"Bi. Yueh-o! Huyo hapo! Mpigieni tena, jamani, mpigieni kwa nguvu!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mlinzi akainuka kwenye kigoda chake, akamfungulia lango wazi, akainama. Yueh-o akapita, mabega juu, hakutazama nyuma, na makofi yaliendelea hata alipokwisha kukata kona ya reli. Kiwandani hakurudi tena.