Mgeni Aliyetoka Ngorongo

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, alasiri, jua likiwaka, na akili zangu zote ninazo.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, watu wanapunguzwa kazi kila kukicha. Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa afya pale Kibiti, nami nimetoka tu kumuoa Zuhura, binti wa kijiji cha Mbwara. Kila siku kompyuta ya zahanati ya Ngorongo ilituletea nakala za kumbukumbu za wagonjwa kwa mitambo ya redio. Ikagoma. Bosi akaniambia kumbukumbu zile zikipotea, nami nisirudi. Ningemwambia nini mke ambaye hina ya harusi haijamtoka mikononi?

Mto umefurika, Ngorongo hakufikiki. Nikaingia kwa SSH, njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali ukiwa umekaa kwako, nikajipandisha kuwa ruti, yaani mwenye amri yote. Ruti hafungiwi faili. Niamini, siku ile nilifungiwa. Kila nikiagiza nakala, jibu ni lile lile: huna ruhusa.

Nikaiuliza mashine nani mwingine yumo ndani. Ikanionyesha ruti wa pili, amekaa kwenye kibodi ya kule kule Ngorongo. Nikamwita kwa redio Mzee Mbonde, mlinzi wa zahanati, nikamuuliza nani kaingia chumba cha kompyuta.

"Ufunguo ninao kiunoni, mwanangu," alisema. "Chumbani hamna mtu. Maji yashafika kizingitini."

Kabla sijamjibu, neno moja likatokea kwenye kioo changu: Hodi.

Sasa wewe uliyelelewa huku kwetu, ukibishiwa hodi unafanya nini? Vidole vyangu viliandika Karibu kabla akili haijafika.

Nakala zikaanza kumiminika, hazikusita mpaka ya mwisho. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikatazama tena nani yumo ndani. Kule Ngorongo nimebaki mwenyewe. Yule mwenzangu sasa yumo kwenye kompyuta ya Kibiti, kwenye kibodi ile ile niliyoishika. Harufu ya tope la mto ikanijaa puani. Sikufichi, niliogopa. Nikazima kila kitu, nikaenda nyumbani.

Kazi sikufukuzwa, bosi alinisifu mbele za watu. Lakini Zuhura akaanza kukuta mkeka wa wageni umelowa asubuhi, na chakula alichokifunika kimeliwa. Tulisomewa dua, tukahama nyumba. Haikusaidia kitu. Siku aliyofunga mizigo kurudi kwao alilia, nami nikalia.

"Sijakuchoka wewe," aliniambia. "Nimechoka kumpikia mgeni asiyeaga."

Basi nawe unayeshinda na mashine, ukibishiwa hodi na usiyemwona, muulize kwanza ni nani. Mimi mpaka leo napakua sahani mbili. Nikipakua moja, yangu ndiyo inayoliwa.