Uzito wa Mkono Juu ya Bodi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyoingia ziwani pale Kibirizi mpaka kiunoni, gauni jipya mwilini, huku abiria wa boti wakinicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu, na Mzee Gwimo, fundi redio wa mtaa wa Rusimbi, alikuwa amenipa kazi. Leo mkono unatetemeka hata nikimimina chai. Wakati ule niliamini hakuna bodi ya redio itakayonishinda.

Asubuhi hiyo alikuja Nesi Koleta, muuguzi kutoka Kagunga, amefunga redio ya mawasiliano ya zahanati yake ndani ya kitenge. Simu zilikuwa hazijafika kule. Mama mjamzito akizidiwa, redio ile ndiyo iliyoita boti ya kumleta mjini.

"Binti, nina mama wa mapacha kule, siku zake zimekaribia," aliniambia. "Boti yangu inaondoka saa saba."

Mzee Gwimo akafungua redio. Waya wa antena ulikuwa umeachia kwenye bodi. Kazi ya kiungo kimoja tu. Akaniachia, akaenda Katonga kununua samaki, migebuka.

Nikashika pasi ya kuchomelea, nikaiweka penye kiungo. Risasi ya kuungia waya ikakataa kuyeyuka. Nikakandamiza. Ikakataa. Nikasimama, mwanangu, nikaegemea kwa bega zima kama mtu anayetwanga kisamvu! Mara kile kijiduara cha shaba kinachoshika waya kikabanduka kwenye bodi, kikaja juu na ncha ya pasi. Nesi Koleta alikuwa pale pale akinihadithia habari za Kagunga, hajaona kitu.

Ningesema, ningeepuka aibu yote. Badala yake nilimwaga risasi nyingi, nikaufunika ubaya ule kwa tone kubwa linalong'aa. Redio ikawaka, sauti ikatoka. Nesi akanishukuru mpaka nikakosa pa kutazama, akaondoka.

Mzee akarudi na samaki wake. "Kiungo kimeshika?"

"Imewaka, Mzee."

"Sijauliza kama imewaka, Hadija."

Nikamwambia yote. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Boti ikipigwa na wimbi moja, waya huo unatoka. Kimbia."

Nilifika Kibirizi kwa pikipiki, boti imeshaanza kusukumwa. Ndipo nikaingia majini nikipiga kelele, "Nesi! Sikutengeneza! Nilificha!" Watu wakacheka, lakini Nesi Koleta hakucheka. Alishuka na redio yake ndani ya kitenge. Boti nyingine ilikuwa mpaka kesho yake. Njiani alisema neno moja tu: "Yule mama hana kesho nyingi."

Karakanani, Mzee Gwimo alikuwa ameazima kwa mkewe mizani ya kupimia unga wa keki. Akaiweka mezani na juu yake bodi mbovu, akanipa pasi isiyo na moto. "Kandamiza kama ulivyokandamiza."

Nikakandamiza. Mshale ukakimbia hadi karibu kilo nzima.

"Umemkalisha samaki kuhe mzima juu ya ncha ndogo kuliko punje ya mtama," akasema. "Uzito huo ukiutandaza kwenye kiganja, si kitu. Ukiukusanya mahali padogo hivyo, unang'oa shaba." Kisha akagusa yeye. Mshale ulisogea kidogo tu, ukatulia. Nesi Koleta, mwenye hasira zake, akacheka kwa mara ya kwanza.

"Sasa mbona haikuyeyuka?" nikauliza.

Akanionyesha ncha ya pasi. Ilikuwa nyeusi kwa masizi. "Moto haukupita. Ulihitaji kitambaa chenye maji cha kuifutia, ukaleta bega."

Nilifanya mazoezi mchana wote, macho kwenye mshale, mpaka mkono ukajua wenyewe. Jioni nikasafisha ncha, nikaunga waya mwembamba wa shaba pale palipobanduka, nikagusa. Risasi ikatiririka kama samli. Mzee akauvuta waya, akaitikisa redio, akanirudishia. Nesi akaita hospitali ya mjini, ikajibu kwa sauti safi. Nikaruka kama mtoto.

Kesho yake Nesi akaondoka nayo, na siku ya nne redio ile iliita kutoka Kagunga. Boti ikaenda, mama akafika mjini, mapacha wakazaliwa salama, wa kike wawili, wenye sauti za kusikika mpaka barabarani. Nesi Koleta mwenyewe alipita karakana kutuambia, akanikumbatia.

Mwanangu, leo unatengeneza simu zenye viungo vidogo ambavyo macho yangu hayavioni tena. Kitu kikikugomea, usikimbilie kuongeza nguvu. Simama, tazama ni nini kimekaa katikati, kisafishe kwanza. Pima mkono wako kwa kipimo, maana mkono wenye haraka hujiona mwepesi siku zote. Ukiharibu, na utaharibu kama sisi sote, sema siku hiyo hiyo, hata kama watu watacheka. Kicheko hukauka kabla ya nguo. Na fanya hivyo hivyo kwa mwenzio nyumbani, na kwa watoto utakaowalea.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usioficha. Watu wakuletee vitu vyao kwa imani, waondoke navyo kwa furaha. Nenda salama, mwanangu, kazi yako ibarikiwe.