Wageni Thelathini Wasiosafiri

Mpaka leo, mtu akinialika kwenye komiti ya harusi, roho inanichafuka. Nimekaa kwenye komiti nyingi na chai yao nimeinywa, lakini kuna moja iliyoniharibia zote. Ilikuwa ya mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekuwa sekretari.

Mdogo wangu alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja Mombasa. Huko ndiko alikokutana na kijana wa Turbo, mpishi katika meli ya watalii iliyokuwa ikitia nanga pale mara chache kwa mwaka. Kapteni alimpenda yule kijana kwa kazi yake, akamwambia wakitaka wafunge ndoa mle mle ndani meli ikiwa bandarini, kisha bibi harusi asafiri naye mpaka Ushelisheli bure. Masharti yalikuwa mawili. Wageni wasiosafiri wasizidi thelathini. Wapande saa nne asubuhi, waone ndoa, wale keki, na ikifika saa nane kila mmoja awe ameshuka. Halafu majina yao na namba za vitambulisho yafike bandarini mwezi mmoja kabla. Yakishapigwa muhuri, hakuna kuongeza wala kubadilisha.

Watu thelathini! Kwetu thelathini ni wale wanaokuja kumenya viazi tu. Mdogo wangu alilijua hilo, ndiyo maana barua yake ilikuwa fupi. Aliandika kwamba mradi Mama awepo, hao wengine tutajua wenyewe.

Mama alikuwa kijijini Ainabkoi, kule kwenye baridi, na ng'ombe wake wanne. Baba alitutoka tukiwa wadogo, na maziwa ya hao ng'ombe ndiyo yaliyotusomesha. Kwetu binti haolewi hivi hivi. Mama yake humpaka siagi kichwani mbele ya watu, akimwombea. Si siagi ya dukani, ni ile ya kusukasuka kwa kibuyu mpaka mkono ufe ganzi. Mama aliposikia habari ya meli hakuuliza meli ni kubwa kiasi gani wala inaelea vipi. Aliuliza kama huko ndani wanaruhusu siagi. Nikamwambia wanaruhusu. Akaanza kuweka akiba ya krimu siku hiyo hiyo.

Sasa miaka ile huwezi kukusanya watu ishirini nyumbani kwako Eldoret bila kibali, hata kama mnapanga keki. Ukitaka usisumbuliwe unamwita mwenyekiti wa tawi la chama, unampa kiti cha mbele, na mkutano unakuwa halali. Ndivyo tulivyofanya. Alikuja na beji yake kifuani, akaja na chifu, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshajifanya mwenyekiti wa komiti. Nani angemkataza? Mimi mwalimu wa darasa la tatu?

Aliomba ile listi. Nilikuwa nimeandika ndugu, majirani, pasta, mashoga wawili wa bibi harusi. Akaisoma polepole huku akilamba kidole kila anapogeuza karatasi. Kile kidole bado nakiona, na bado kinanitia kinyaa. Akasema harusi ya meli si harusi ya ukoo, ni heshima ya wilaya nzima. Akamweka diwani. Akamweka na mke wa diwani. Akaweka wake zake wawili, karani wa ofisi fulani, mwenye posho mill ya kusagia mahindi, na rafiki wa mwenye posho mill ambaye hata leo sijui kazi yake. Kila jina la mkubwa lilipoingia, jina la mtu wetu lilitoka, na wa kulikata ni mimi, kwa rula, nisichafue karatasi. Mjomba alitoka. Shangazi alitoka. Watu wa kijana wa Turbo walibaki watatu.

Akafika kwa Mama. Mbele ya jina lake hapakuwa na namba. Wanawake wengi wa rika lake hawakuwa na kitambulisho, kipande kama tulivyozoea kukiita. Walikuwa wamezeeka bila kuulizwa wao ni nani. Dawa yake ilikuwa barua ya chifu. Ukiwa na barua ya chifu unapelekwa upigwe picha na alama za vidole, na muda tulikuwa nao wa kutosha. Na chifu mwenyewe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, anachovya mkate kwenye chai.

Mwenyekiti akasema, "Huyu mama hana kipande. Tusipoteze nafasi ya mtu."

Nilimtazama chifu, chifu akautazama mkate wake. Kisha mwenyekiti akacheka kidogo, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na watu wakacheka naye, wengine hata mzaha wenyewe hawakuuelewa. Mwenyeji wa kupona ndiye aliyekuwa anafutwa pale. Nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema, Mzee, chifu si huyu hapa, aandike barua sasa hivi. Maneno nane tisa, basi. Lakini jina langu lilikuwa namba ishirini na tisa, na nilikuwa sijawahi kuona bahari, na nilijua linavyoweza kuhama. Nikachukua rula.

Kumwambia Mama nilienda mwenyewe. Nilimkuta anaosha vibuyu. Nilizungukazunguka weee, nikasema serikali, nikasema bandari, nikasema muhuri. Aliendelea kuosha mpaka nilipomaliza.

"Na wewe umo?" akaniuliza.

"Nimo, Mama."

"Basi utampaka wewe."

Siku ya safari aliniletea siagi stendi, ndani ya kopo la kakao lililofunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa uzi. Kwa mdogo wangu nilikuwa nimeshatuma neno kwamba Mama anaumwa miguu. Uongo ukiuanza hauishii mmoja.

Siagi ya Ainabkoi haijui joto. Tulipopita Mtito Andei ilikuwa imeyeyuka, ikapenya kitambaa, ikalowesha mkoba wangu. Ikaanza kunuka ule uchachu wa kibuyu, harufu ya nyumbani kwetu kabisa. Mke mdogo wa mwenyekiti, aliyekuwa kiti cha mbele yangu, akaziba pua kwa leso. Akauliza kwa sauti ni nani aliyepanda na kitu kilichokufa. Watu wakageuka. Nami nikageuka, nikatazama nyuma, kama anayemtafuta mwenye hatia. Ptuu! Basi liliposimama watu wachimbe dawa, nilikwenda nyuma ya choo, nikalitupa lile kopo kwenye shimo la taka. Nzi walilifikia kabla sijageuka. Kisha nikaosha mikono.

Meli ilikuwa nyeupe na kubwa, sitaki kuisifu. Ukumbini walikuwa wamepanga viti thelathini vyenye vitambaa, kila kiti na kadi ya jina. Diwani na mkewe hawakuja, tuliambiwa kuna mkutano. Mwenye posho mill hakuja, na rafiki yake hakuja, na wakubwa wengine watatu hawakuja. Mwenyekiti mwenyewe alisinzia hotelini baada ya bia za usiku, akawatuma wake zake, na mmoja akaamua kwenda sokoni kununua mikeka. Viti tisa vilibaki wazi, na kwa kuwa kila jina lilikuwa na muhuri, hakuna mtu wa kuingia badala. Mdogo wangu alipoingia na shela yake alitazama viti vyote, mstari kwa mstari. Keki ilipogawanywa, akanitazama mimi mikononi. Nilikuwa nimeshika kipande cha keki cha mtu mwingine niliyekuwa namwekea. Saa nane wakatushusha, naye akabaki juu.

Mwezi mmoja baadaye nilipeleka picha Ainabkoi. Mama alikuwa ameniandalia chai. Akaniuliza kama siagi ilikaa vizuri kichwani. Nikasema ilikaa vizuri. Akauliza kama mtoto alilia, kwa sababu binti akipakwa lazima alie. Nikasema alilia, na hilo lilikuwa kweli.

Akaifuta mikono, akaichukua ile picha kubwa ya ukumbi. Macho yake yalikuwa bado mazuri. Aliitazama muda mrefu, kidole chake kikipita juu ya wageni mmoja mmoja bila kuwagusa. Kilipofika upande wa kulia kikasimama.

"Hivi viti ni vya nani?"

Nikamtajia wenyewe. Diwani, mkewe, mwenye posho mill, wote tisa niliwataja kwa mpangilio wa listi, maana nilikuwa bado naikumbuka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole kwenye kiti cha mwisho kabisa, kile cha karibu na mlango.

"Mimi ningekaa hiki," akasema. "Hapa singemsumbua mtu."

Akanirudishia picha na kuniuliza kama niongezewe chai.