Kituo cha Watu Arobaini

"Kanisa umelipeleka jimbo la jirani, makaburi yake umeyaacha kwetu. Sasa niwaandikishe wafu?" Karani wetu wa uchaguzi alikuwa anamkaripia kwenye simu bwana wa makao makuu, aliyechora upya mipaka bila kukanyaga huku Nebraska kwetu. Ramani ya karani iko ukutani, imechubuka pale kidole chake kinapopita kila siku: vilima vya wafugaji, bonde la mahindi, kisha mto. "Hapa barafu ilibomoa daraja, wapiga kura wa ng'ambo wakakwama, mbunge akapita kwa kura kumi na moja," husema, na kufurahi kama jana. Hulamba kidole kabla ya kufunua daftari, hata la ukurasa mmoja. Mlango anaufunga saa moja jioni kamili, aje nani. Ndiyo maana Lorna Tveit hakumsemesha miaka tisa: alichelewa dakika mbili, akafungiwa nje, mumewe akakosa udiwani kwa kura moja.

Mwaka huu tuliambiwa wasipofika wapiga kura arobaini, kituo kitafutwa, tuwe tunapigia kura mjini, maili hamsini. Saa moja kasoro dakika mbili tulikuwa na thelathini na tisa. Karani amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, na nilijua ataufunga mlango. Akaingia Lorna na mabuti ya tope.

"Leta daftari, mama saa."

"Umebakiza dakika mbili," karani akasema.

"Kaa nazo," Lorna akajibu akitia sahihi. "Na zile za mwanzo nimekusamehe."